Mwambie Bibi Yako Maji Yanapanda

Bibi yangu mzaa mama ameondoka mwezi uliopita bila kusemeshana na baba yangu hata siku moja, na wameishi nyumba moja hapa Mbagala miaka zaidi ya kumi na tano. Siku ya msiba jamaa zake wa bondeni walipanda basi wakaja, na mmoja wao akanitia mkononi kifurushi cha pepeta. "Alikuwa anaipenda," akasema. Nikaenda kukifungulia jikoni nikiwa peke yangu. Pepeta ni mpunga mchanga, unakaangwa na kutwangwa ukiwa bado na ukijani wake, na harufu yake ni ya majani mabichi yenye moshi kidogo. Nikapindua ndoo, nikakaa juu yake, nikalia. Watu walionisikia walidhani namlilia Bibi. Nilikuwa najililia mwenyewe, na sioni haya kusema.

Nina jambo nililolifungia mdomo tangu nina miaka kumi. Nyie mliokulia enzi za simu za vibonyezo labda mtanielewa. Msiponielewa, shauri yenu, mie nalitoa hivyo hivyo.

Baba alifanya kazi kwenye bwawa la umeme huko bara, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka kwetu. Asubuhi, mchana na jioni alisoma kimo cha maji kwenye ubao wenye namba uliosimikwa ndani ya maji yenyewe. Na wakubwa wakitoa amri, alikuwa mmoja wa wale wanaofungua milango ya ukuta ili maji yapungue. Hayo ya amri na wakubwa mie sikuyashika. Nilichokishika ni milango. Kichwani mwangu ilikuwa milango ya mbao kama wa kwetu, ina komeo na kitasa, na funguo zake ni zile alizotundika msumarini kila akija likizo. Nilikuwa mkubwa kabisa nilipojua kwamba zilikuwa funguo za kabati lake la nguo.

Sasa fikirieni fahari yangu. Mtaa mzima tulikuwa tunanunua maji ya dumu kwa mtu wa mkokoteni, tunaogea kopo moja, na baba yangu ana ziwa. Umeme ukikatika, watoto wenzangu walinizunguka: "Mwambie baba yako aache ubahili, atie maji." Nami niliahidi kwamba nitamwambia, na nilimwambia kweli. Baba alisema ataangalia. Umeme ukirudi nilitembea uwanjani kwa madaha, maana nilijua nani ameurudisha.

Kuna jambo jingine la kwetu lazima mlijue. Kwao Baba, huko milimani, mwanaume hasemeshani na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye chakula, na wakikutana njiani mmoja anachepuka. Kwa kina Bibi, kusini huku, mkwe ana heshima zake lakini mdomo anao. Kwa hiyo mwanzoni Bibi alidhani amemuoza binti yake kwa mtu mwenye maringo. Alipoelezwa alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kanga, halafu akaushika mwiko ule kuliko hata Baba mwenyewe. Wakahitaji mtu wa katikati. Mama alikuwa na shughuli zake, basi kazi ikaniangukia mie.

Baba akiwa nyumbani alikaa kibarazani. Bibi akija kututembelea alikaa chumbani, nyuma ya pazia. Kati yao palikuwa na hatua zangu tatu.

"Mwambie bibi yako namuamkia, shikamoo."

Naingia. "Bibi, baba anakuamkia, shikamoo."

"Mwambie marahaba. Na mwambie miguu inaniuma mno."

Natoka. "Anasema marahaba, miguu inamuuma."

"Wee mke mwenzangu," Bibi anapaza sauti kutoka ndani, maana hivyo ndivyo alivyonitania, "sikusema inaniuma. Nimesema inaniuma mno. Fikisha kama ulivyopewa."

Baba ameshasikia, jirani ameshasikia, lakini hatikisi hata kope mpaka mie niseme hiyo mno yangu. Ndipo anaitikia: "Mwambie pole." Walipendana kwa namna hiyo, wale watu wawili. Kila Baba alipokuja likizo hakukosa kumletea dawa ya kuchua, na kila msimu Bibi hakukosa kumtumia pepeta, fungu la kwanza kabisa, kabla hata wanawe hawajaonja.

Likizo ya mwisho ya Baba kabla ya mambo haya ilikuwa kiangazi, masika yanakaribia. Nilimkuta amekaa kibarazani anaitazama ndoo yetu ya kukingia maji ya bati, nikamuuliza ina nini. Akanivuta karibu.

"Ndoo hii ikiwa nusu, mvua ikija inapokea," akasema. "Ikiwa imejaa pomoni, kila tone linaloingia linamwagika. Bwawa ni hivyo hivyo. Kabla ya masika unalipunguza kidogo kidogo, watu wa chini wanapata maji ya kiasi chao. Ukingoja lijae, mvua ikija unamwaga yote kwa mpigo."

"Sasa si mpunguze."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema kazi yangu kusoma ubao, si kuwafundisha kazi."

Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa haba, kukawa na mgao wa umeme, watu wakalalamika mpaka redioni. Mwaka ule wakubwa wake walijiapiza kwamba hawamwagi hata kikombe. Waliogopa lawama ya giza kuliko walivyoogopa mvua. Haya nayasema leo. Siku ile nilimpa Baba ushauri wangu, kwamba walete ndoo nyingine. Akacheka, akanishika kichwa, kesho yake akapanda basi akarudi kazini.

Mama alikuwa mjamzito wa miezi saba. Miguu ilimvimba mpaka viatu vikamkataa, na kliniki wakamwambia alale asishike ndoo. Bibi akaja kutoka bondeni kumuuguza. Alikuja kwa shingo upande, kwa sababu mpunga wake ulikuwa umeshachanua, na huo ndio uliokuwa maisha yake. Bibi hakuwa na pensheni wala mume, alikuwa na lile shamba kando ya mto na jeuri yote inayotokana na mtu kula cha kwake. Alimwachia Mjomba Shomari, mdogo wake Mama, aliyekuwa akishinda na kulala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, anafukuza ndege na nguruwe.

Mvua ilikuwa haijanyesha kwetu. Mbagala jua kali, vumbi mpaka kwenye chai. Lakini huko bara juu, mito inakotoka, ilinyesha kama imetumwa. Kila siku saa kumi na moja jioni Baba alipanda mwamba fulani ambako mtandao ulishika, akapiga simu ya Mama. Mama alizungumza naye kidogo akiwa amelala, halafu akanipa mie simu niingie kazini.

"Mwambie bibi yako maji yanapanda."

"Bibi, baba anasema maji yanapanda."

"Muulize kwa kiasi gani."

"Vidole vinne tangu jana."

Bibi alichukua kipande cha mkaa akaenda kwenye ukuta wa kibaraza, kando ya mlango. Siku ya kwanza alimuuliza Baba ukingo wa bwawa uko mbali kiasi gani na maji, na kwa hesabu yake mwenyewe ya vidole na shubiri akachora mstari mmoja mrefu juu, usawa wa bega langu. Huo ndio ukingo. Kisha kila jioni akachora mstari mdogo wa siku hiyo chini yake. Wapita njia walidhani tunampima mtoto urefu. Mie nilisimama mgongo ukutani nikaitazama ile mistari ikinipanda kiunoni, mbavuni, kwapani.

"Mwambie baba yako," Bibi akasema jioni moja, "mpunga wangu haujaiva. Anipe wiki mbili tu."

Nikasema. Nikasikia upepo wa kule mwambani. "Mwambie wiki mbili sina."

"Basi mwambie siku akijua wanafungua, aniambie kabla. Siku hiyo hiyo nafunga mzigo naondoka. Shomari peke yake hamalizi shamba lile. Tutakata mbichi, tutatwanga pepeta yote. Ni afadhali kuliko kukosa."

Nilifikisha neno kwa neno. Lakini mwenyewe nilisikia jambo moja tu katika maneno yale, kwamba Bibi ataondoka. Na nyumba ya tatu kutoka kwetu, miezi michache nyuma, mama mmoja aliyekuwa akinisuka nywele alikwenda kujifungua, wakarudi na kanga zake tu. Mama yangu alikuwa amelala na miguu ile, na anayemgeuza, anayemwosha, anayemlisha uji ni Bibi. Nilianza kumwomba Mungu maji yasipande. Nilipoona hayanisikii, nikaanza kuichukia mvua.

Jumatatu Mama alikuwa amepitiwa na usingizi simu ilipolia. Nikaipokea mwenyewe. Bibi alikuwa uani anafua.

Sauti ya Baba haikuwa ya kila siku. Hakusalimia. "Sikiliza vizuri, mama," akaniambia, maana aliniita mama. "Mwambie bibi yako maji yamefika ukingoni. Alhamisi tunafungua milango mitatu. Yatachukua siku mbili kufika kwao. Shomari aanze kukata mpunga kesho, mbichi hivyo hivyo, na Ijumaa jioni asiwepo mtu bondeni. Umesikia?"

"Usifungue, Baba."

"Nini?"

"Usifungue mlango. Bibi ataondoka."

Akashusha pumzi. "Mlango siufungui mie, mwanangu. Unafunguliwa na mvua. Mwambie bibi yako sasa hivi, nangoja hapa hapa."

Nikaziba simu kwa kiganja. Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni, povu mpaka kwenye viwiko, mkaa umeshikwa kwa vidole viwili. "Anasemaje?"

Nitawaeleza nilichowaza, na msinicheke. Niliwaza kwamba Baba ni mtu asiyerudi nyuma kwenye neno. Kila alichoahidi alifanya, hata kama ni pipi. Kwa hiyo nikimwambia Bibi kwamba Baba amesema hafungui, basi neno litakuwa limeshatoka kinywani mwake, na itabidi asifungue. Mie ndiye niliyekuwa mdomo wake. Niliamini nikilisema mie amelisema yeye.

"Anasema bado," nikamwambia Bibi. "Hawafungui. Wanangoja mpunga uive."

Bibi alinitazama. Uso ulimlegea, akacheka kidogo. "Mkwe wangu yule," akasema. "Mwambie Mungu amlipe."

Nikatoa kiganja. "Bibi amesikia," nikamwambia Baba. "Anasema Mungu akulipe."

"Haya, mama. Umenisaidia sana." Akakata.

Jioni ile Bibi alichukua simu akapiga dukani kijijini kwao, palipokuwa na simu ya watu wote, akaagiza kwamba Shomari akae pale pale alipo, mkwe amesema bado. Niliyasikia yale maneno nikiwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Jumanne nikaona nimefanya jambo zuri. Jumatano nikaanza kuogopa. Nikajiambia jioni Baba akipiga nitasema. Hakupiga. Alhamisi hakupiga. Nilichukua simu mwenyewe nikaminya namba yake, mwanamke wa mtandao akaniambia hapatikani. Nikarudia mpaka chaji ikaisha. Bibi yuko pale, hatua tatu. Ningeweza kumwambia yeye. Mpaka leo sijui kilichonishika ni nini, ulimi ulikuwepo na maneno yalikuwepo. Nilisimama nyuma yake alipokuwa anakuna nazi, akaniuliza nataka nini, nikasema nataka maji ya kunywa.

Ijumaa mchana Mama aliita mara moja tu, sauti ndogo. Bibi aliingia, akatoka, akaniambia kimbia kaite bajaji, usimuulize mtu chochote. Kulikuwa na damu mpaka chini ya kitanda. Bibi, yule wa miguu inayouma mno, alimfunga Mama kanga mbili kiunoni akambeba kwa kusaidiana na jirani, akapanda naye bajaji akimwita jina lake la utotoni njia nzima. Hospitali walisema wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Mdogo wangu akatoka kabla ya siku zake, mdogo kama mkate wa duka, akalia. Bibi ndiye aliyempokea mikononi.

Naomba mliweke hilo moyoni mnapotaka kunihukumu, maana mie nimeshindwa kuliweka popote. Kama ningefikisha kama nilivyopewa, siku ile Bibi angekuwa shambani anakata mpunga mbichi.

Jumamosi Bibi alirudi nyumbani kupika uji wa mzazi, anaimba. Jumapili asubuhi Mjomba Shomari alisimama mlangoni. Hakuwa na viatu. Suruali ilikuwa imekauka na matope mpaka kifuani, na mkononi alishika mundu, basi. Bibi alimtazama miguu, akamtazama mundu, akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

Mjomba alieleza taratibu. Alhamisi mtu wa kipaza sauti alipita na baiskeli kutangaza watu watoke. Wenziwe wote walikata mpunga mbichi usiku na mchana, wakapanda juu na walichopata. Yeye aliwaambia shemeji yangu ndiye anayeshika mlango, na amesema bado. Walimbembeleza, akawaona waoga. Jumamosi alfajiri maji yakaja bila kelele, akadhani ni ukungu. Alikaa juu ya dungu mpaka adhuhuri, mtumbwi ukamtoa. "Mpunga ulikuwa unaonekana chini ya maji," akasema. "Umesimama vile vile. Halafu ukalala."

Bibi akauliza jambo moja tu. "Na shamba?"

"Mchanga, Mama. Mpaka hapa." Akaonyesha goti.

Mchanga ule haukutoka. Mto ulikuwa umehama upande, ukapita pale palipokuwa shamba lake Bibi. Bibi alikwenda mara moja kutazama, akarudi siku ya tatu na sufuria moja, akaiweka jikoni kwetu bila kusema neno. Alikuwa amehamia. Mtu aliyekuwa anatulisha sie wali wa mwaka mzima akaanza kuomba chumvi.

Baba alipata ruhusa baada ya wiki tatu, na siku zote hizo simu yake haikushika. Alikonda. Alimshika mwanawe kwa mara ya kwanza, akamrudisha kwa Mama, akatoka akakaa kwenye kigoda chake kibarazani, ukuta ule wa mistari ya mkaa nyuma ya kichwa chake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Bibi alikuwa chumbani. Mama kitandani ananyonyesha. Aliniambia baadaye kwamba Bibi alikuwa hajala tangu aliposikia mkwe yuko njiani.

"Mjukuu wangu," Bibi akaita. Hakusema mke mwenzangu. "Nenda kamuulize baba yako. Siku ile ya simu, alisema hafungui, au hakusema?"

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia. Mbele yangu hatua tatu. Nilizipiga, na sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule.

"Baba." Nilisimama mbele ya kigoda chake. "Bibi anauliza, siku ile ya simu, ulisema hufungui, au hukusema."

Alikuwa ameshasikia. Tangu neno la kwanza lilipotoka chumbani nilimwona anainua kichwa. Nilitegemea ashangae, apaze sauti, aseme mimi, lini. Alinitazama mie. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu niliyoiminya mbele ya gauni, akatazama kile kiganja. Nadhani hapo ndipo aliposikia upya ile simu, mtoto anayesema usifungue, kisha kimya, kisha Mungu akulipe. Mie nilitazama ndala zake. Kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa imeshonwa kwa waya.

Nafasi ilikuwa yangu. Neno moja lingetosha.

"Mwambie bibi yako," Baba akasema, na safari hii alipaza sauti kidogo ili ifike, "nilisema. Nilisema hatufungui. Nilikosea hesabu, maji yakanishinda."

Nikarudi. Hatua tatu. "Bibi, baba anasema alisema. Alikosea hesabu."

Nilisikia kitanda kikilia, Mama amegeukia ukutani. Bibi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Hiyo ikawa ndiyo salamu yake kwa Baba mpaka mwisho. Akiamkiwa, amesikia. Akiletewa dawa ya kuchua, amesikia. Hakumtukana wala hakumsema vibaya kwa watu, lakini miguu yake haikumuuma tena mno mbele ya mkwe wake, wala sijamsikia tena anapaza sauti kunirudisha nikisahau neno. Mjomba Shomari alikuja mjini akabeba mizigo Kurasini, na kwenye shughuli za ukoo akiwepo Baba yeye hakai. Mama alimsamehe Baba, au alichoka. Baba alipaka ukuta chokaa. Mistari ikatokeza tena masika yaliyofuata, akapaka tena, ikatokeza tena, akaacha.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijipa moyo. Nilimkuta kibarazani, ameshastaafu, anasikiliza redio. Nikasema, "Baba, siku ile ya simu." Alipunguza sauti ya redio. Akaningoja kidogo, nami nikawa natafuta neno la kuanzia.

"Nenda kamuulize bibi yako kama ameshakunywa chai," akaniambia.

Nikaenda, nikauliza. Sikulirudia tena.

Kwa hiyo siku ya msiba, nilipokuwa jikoni na ile pepeta, mdogo wangu akaja kuniita. Amekuwa mrefu, alikuwa anapanga viti vya wageni. Akasema Baba ananitaka mlangoni. Nilimkuta amesimama nje ya pazia la chumba cha Bibi, kofia mkononi, mzee kabisa. Ndani alikuwa amelazwa, amefunikwa, udi unafuka, wanawake wameketi chini kuzunguka. Hata wakati ule Baba hakuweza kuingia.

"Ingia umwambie bibi yako nimekuja," akasema. "Mwambie namwomba radhi kwa mpunga wake."

Nikamtazama usoni. Miaka yote ile sikuwa nimemtazama hivyo. Nikasema, "Baba, si wewe."

"Mwambie," akasema. "Fikisha kama ulivyopewa."

Nikaingia. Mama alikuwa kichwani kwa Bibi, mkono juu ya sanda. Wanawake walinyamaza. Nilipiga magoti nikiwa na maneno yangu yote, yale ya kiganja, ya usifungue, ya kanga za yule mama wa nyumba ya tatu. Yalikuwa yamepangika kama sijawahi kuyapanga.

"Bibi," nikasema, "baba amekuja. Anakuomba radhi kwa mpunga wako."

Mama alifunga macho, kisha akajibu kwa sauti ya Bibi kabisa, bila kufikiri, kwa mazoea tu.

"Mwambie nimesikia."

Nikasimama. Nikatoka, hatua tatu, nikamkuta Baba ananisubiri.

"Anasema amesikia," nikamwambia.